Kompyuta Iliyokataa Kuwaka

Katika ofisi ya shule yetu, kando ya dirisha linaloelekea ziwa, iko kompyuta ya mezani. Si ile ya kukunja kama kitabu. Ni ya zamani kidogo, kioo chake mbali na sanduku lake la chuma mbali. Ndani yake yalikuwamo majina ya watoto wote wa darasa la sita, pamoja na tarehe zao za kuzaliwa, kwa orodha ya mtihani wa mwisho. Orodha ilitakiwa kufika kwa mkaguzi siku ya Ijumaa. Jumatano asubuhi katibu alibonyeza kifungo cha kuwashia. Kimya. Akabonyeza tena kwa nguvu. Kimya vile vile.

Watu wakakusanyika, na kila mmoja alikuwa na neno lake. Mmoja alisema mashine imekufa, inunuliwe nyingine. Wa pili akasema ni unyevu wa ziwa. Wa tatu akataka ichukuliwe mara moja kwa fundi wa Bujumbura, kuvuka mpaka wa Kavimvira. Direkta akashika kichwa, kwa maana fedha hazikuwapo. Lakini hakuna aliyeuliza swali la kwanza: umeme umefika wapi, na umekomea wapi?

Watoto, mtu ambaye shamba lake halipati maji hafanyi nini? Hang'oi mahindi. Hufuata mfereji kutoka mtoni, hatua kwa hatua, mpaka aone mahali palipoziba. Basi na sisi tuufuate umeme hivyo hivyo.

Umeme unaofika Uvira kwa nyaya hutoka mto Ruzizi. Mto huu huzaliwa na ziwa Kivu, lililo karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, nao hushuka kwa kishindo mpaka ziwa letu la Tanganyika, lililo karibu mita 770 tu. Maji yanayoanguka namna hiyo yana nguvu nyingi ya kuzungusha mitambo. Mtambo wa kwanza ulijengwa karibu na Bukavu mwishoni mwa miaka ya 1950. Wa pili ulianza kazi mwaka 1989, na umeme wake hugawanywa kati ya Kongo, Rwanda na Burundi. Kutoka huko umeme husafiri juu ya nguzo, na katika nyumba zetu huingia kwa volti 220.

Je, ulifika ofisini? Katibu alichomeka taa katika tundu lile lile la ukutani. Taa ikawaka. Basi tundu ni zima. Kisha akatwaa waya wa kioo, ambao ni wa namna moja na ule wa sanduku, akautia katika sanduku. Bado kimya. Ule wa sanduku akautia katika kioo, na taa ndogo ya kioo ikawaka. Basi waya nao ni mzima. Nyuma ya sanduku kuna swichi ndogo yenye alama mbili, I na O. O maana yake imefungwa, na mara nyingi mtu anayefagia huigusa bila kujua. Hapa ilikuwa kwenye I. Masanduku mengine ya zamani yana pia swichi nyekundu iliyoandikwa 115 na 230. Hiyo msiiguse kabisa! Mahali petu lazima isome 230. Ukiipeleka kwenye 115, utasikia mlio mmoja, na sanduku la umeme limeungua.

Sasa tumefika kwenye kifungo chenyewe, na hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Wanadhani kifungo hiki ni kama swichi ya taa, yaani umeme wote hupita ndani yake. Katika kompyuta za kale ilikuwa hivyo kweli. Lakini tangu mwaka 1995 ulipotokea mpango mpya wa kuziunda, kifungo hakibebi tena umeme mkubwa. Kazi yake ni kama kubisha hodi. Ndani ya sanduku kuna ubao mkubwa wenye njia nyingi nyembamba za shaba. Pembeni mwa ubao huo vimesimama vijiti vidogo vya chuma, viwili viwili. Ukibonyeza kifungo, vijiti viwili huungana kwa kitambo kidogo. Ubao husikia hodi hiyo, nao huliambia sanduku la umeme: amka. Ndipo feni huzunguka na kioo hupata picha.

Kwa hiyo kifungo kikivunjika, mashine yaweza kuwa nzima kabisa. Ni mbisha hodi tu aliyeugua.

Yuko njia moja tu ya kujua, na ni ya mtu mzima, si ya mtoto. Katibu alichomoa waya, akafungua ubavu wa sanduku kwa bisibisi, ambayo mafundi wetu huiita turnevisi. Akagusa chuma cha sanduku kwa mkono, ili umeme mdogo unaokaa katika nguo na mwili usiruke kwenye ubao. Akatafuta kichwa kidogo cha plastiki kilichoandikwa POWER SW, akakivuta, na vijiti viwili vikaonekana. Akarudisha waya ukutani. Kisha akaunganisha vijiti hivyo viwili kwa ncha ya bisibisi, kwa muda wa kupepesa jicho, bila kugusa vingine. Umeme wa hapo hauzidi volti 5, haufiki hata ule wa mawe manne ya tochi.

Feni ikazunguka! Watoto waliokuwa wakichungulia dirishani wakapiga makofi, wakafukuzwa.

Kama isingalizunguka, tungalijua kwamba kifungo hakina kosa, na kwamba ugonjwa uko katika ubao au katika sanduku la umeme. Sanduku hilo halifunguliwi na mtu asiye fundi wa kazi hiyo, hata waya ukiwa umechomolewa, kwa kuwa ndani yake umeme wa kuua hubaki umejificha kwa muda.

Kuna namna nyingine ya ugonjwa wa kifungo. Mashine huwaka, ukihesabu polepole moja, mbili, tatu, nne, hujizima yenyewe. Hapo kifungo kimekwama ndani kwa vumbi au kwa kutu, na ubao hudhani mtu anakishikilia, maana kushikilia muda huo ni amri ya kuzima kwa nguvu. Wengi hununua ubao mpya kwa kosa hili. Ni hasara bure.

Cha kwetu hakikukwama. Plastiki yake ilikuwa imepasuka na vyuma vya ndani vilikuwa na kutu ya kijani. Dukani hapakuwa na kingine cha kufaa. Lakini katika uso wa sanduku kulikuwa na kifungo cha pili, kidogo, cha kuanzisha mashine upya, ambacho hatukukitumia hata mara moja. Nacho pia hakifanyi jambo lo lote ila kuunganisha vijiti viwili. Katibu akatwaa kichwa cha waya wake, kilichoandikwa RESET SW, akakitia juu ya vijiti vya kuwashia. Huku na huku hakuna tofauti, kwa maana kifungo hakina upande wa kulia wala wa kushoto. Hakulipa hata faranga moja.

Orodha ilichapwa Alhamisi jioni, kurasa tatu, kabla umeme haujakatika. Tangu siku hiyo kompyuta huwashwa kwa kifungo kile kidogo, tena kwa ncha ya kalamu, kwani kidole hakiingii. Kifungo kikubwa kimebaki mahali pake bila kazi yo yote, na kila mgeni anayeketi pale hukibonyeza kwanza.