Ukungu usiopangusika

Katika kibanda kimoja cha vioo pale Kariobangi Light Industries, kati ya wachomeleaji vyuma na watengenezaji wa mashine za kusaga unga, kuna mkebe wa maziwa ya unga ambao vijana wa kazi hawaugusi bila ruhusa. Umefunikwa kwa kifuniko chake, juu yake nailoni, na juu ya nailoni utepe uliozungushwa mpaka basi. Ndani mna punje ndogo kuliko mtama, rangi ya udongo mkavu. Mwenye kibanda, mzee ambaye hakutaka jina lake liandikwe gazetini, aliniambia nikinge kiganja. Akanimiminia kiasi cha kijiko cha chai, kisha akadondosha maji.

Joto lilipanda ghafla mkononi, nikazimwaga punje mezani bila kupenda.

"Umeona, mwanangu?" alisema huku akizikusanya. "Hizi bado ziko hai. Zilizokufa ukizitia maji zinatulia tu, baridi."

Nilikuwa nimefika pale kuulizia bei ya vyuma chakavu. Habari hiyo sijaiandika hadi leo.

Punje hizo hukaa mahali ambapo wengi wetu hatujawahi kupatazama: ndani ya bomba bapa la alumini linalotenganisha vioo vya dirisha la vioo viwili. Wazo la dirisha hilo ni kongwe. Thomas Stetson wa New York alilipatia hataza mwaka wa 1865. Vioo viwili, nafasi ya hewa katikati, kingo zimezibwa pande zote. Hewa iliyotulia humo hupitisha joto na kelele kwa shida, na ikiwa kavu haifanyi ukungu. Kazi ya punje ni kunywa unyevu wote uliobaki humo ndani na ule unaojipenyeza kidogo kidogo mwaka hadi mwaka. Vinyweleo vyake vina upana wa milimita 3 ukizigawanya mara milioni 10: molekuli ya maji inaingia, ile ya naitrojeni inabaki nje. Na punje inapoyashika maji hutoa joto, ndiyo maana kiganja changu kiliungua. Viwandani hupima uzima wake kwa njia hiyohiyo, ila wao hutumia kipimajoto.

Kariobangi yenyewe haina madirisha ya namna hii. Nyumba nyingi za Kariobangi South na North ni fremu za chuma, kioo kimoja na pati. Kazi humjia mzee kutoka kwingine: nyumba za wenye nacho waliochoshwa na ngurumo za magari ya Thika Road, ofisi zilizobomolewa, na zaidi ya yote milango ya friji za dukani zile za kuonyesha soda, ambayo nayo ni vioo viwili vilivyofungwa. Duka la jirani yako likiwa na friji ambayo soda zake huzioni vizuri hata mwenye duka apanguse vipi, umeshauona ugonjwa wenyewe.

Mteja akifika na malalamiko, mzee huanza na kitambaa. Hupangusa upande wa ndani ya nyumba. Ukungu ukitoka, dirisha halina kosa. Ni pumzi za watu, birika na sufuria, na dawa yake ni kufungua dirisha hewa ipite. Hilo linazihusu hata nyumba zetu za kioo kimoja, ambazo mwezi wa Julai hutiririka maji asubuhi mpaka ukuta wa chini unaota ukungu mweusi. Kisha hupangusa nje. Ukitoka, ni umande. Unaobaki baada ya hapo uko katikati, na huo haufikiwi na kitambaa cha mtu yeyote. Maana yake gundi ya ukingoni imeachia, hewa ya nje inaingia na kutoka, na punje zimekunywa mpaka zimeshiba.

Kwa nini inaachia mapema? Dirisha lililofungwa vyema hutarajiwa kudumu miaka 20 hivi, na mzee huletewa yaliyochoka zamani kabla ya hapo. Jibu lake alinionyesha kwa rula ya chuma. Aliisimamisha kwa ukingo juu ya dirisha jipya lililokuwa limelazwa mezani, bado lina karatasi za kiwandani. Rula ilikaa katikati ya kioo na kuning'inia pembeni, inachezacheza, mwanga unapita chini ya ncha zake zote mbili. Akaligeuza. Upande wa pili vilevile.

"Yanatoka kwao yakiwa sawa," alisema. "Yakifika huku yana tumbo. Nimeyapima mengi."

Mzee hajasoma fizikia ya darasani, lakini amegundua jambo la kweli. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko Mombasa. Dirisha lililozibwa kwenye kiwanda cha pwani, popote duniani, limefunga hewa ya pwani ndani yake. Likipanda huku, hewa hiyo inasukuma nje, jinsi pakiti ya krispi inavyovimba njiani kutoka Mombasa. Kioo hupinda, na mzigo wote unaegemea gundi ya ukingoni. Jua la mchana linaongeza msukumo, baridi ya usiku inaupunguza, kila siku.

Sasa, tiba. Iliyo rahisi ni kutoboa: matundu mawili madogo pembeni kwa drili, kuosha ndani kwa spiriti, kuacha pakauke. Ukungu unaondoka, mteja anafurahi, na dirisha linabaki vioo viwili visivyo na faida kamili ya vioo viwili, kwa kuwa unyevu sasa una mlango. Mzee huifanya kwa asiye na uwezo, baada ya kumwambia wazi anachonunua. Mlango wa friji haugusi kwa drili: mara nyingi kioo chake kimeimarishwa kwa moto, ukikitoboa kinageuka changarawe mikononi mwako. Lilimpata, akalipa mlango wa mtu.

Tiba ya kweli ni kufungua. Hukata gundi kwa waya mwembamba wenye vishikio vya mti, mmoja anavuta huku mwingine kule, kama nusu siku kwa dirisha moja. Vioo vinaoshwa. Vingine vina madoa meupe yaliyokwishaumega uso wa kioo, hivyo havirudi tena. Bomba linajazwa punje mpya haraka, maana zikiachwa wazi zitakunywa hewa ya Kariobangi na kufa kabla ya kazi. Ndiyo sababu ya ule utepe kwenye mkebe. Kisha utepe mweusi unaonata, kisha silikoni, kisha kusubiri. Jambo ambalo yeye mwenyewe hakulipanga ni kwamba dirisha alilolifunga yeye limefungwa kwa hewa ya Nairobi. Rula hulala sawa juu yake.

Punje zilizokufa huzikaanga kwenye karai juu ya jiko la makaa. Zinafufuka, anasema, ila hazichomi kama mwanzo. Ni kwa sababu moto wake hautoshi, au zimezeeka? Kwa wateja wanaolipa vizuri hazitumii.

Lipo swali moja lililomshinda, na nimelibeba bila jibu. Hivi karibuni aliletewa dirisha lenye kimrija chembamba cha chuma kilichochomoza ukingoni. Miaka yote alidhani vimrija hivyo ni mabaki ya kiwandani, akivikata. Kumbe viwanda vingine huviweka makusudi kwa ajili ya miji ya juu kama wetu, hewa ipate kujisawazisha safarini. Vipo vya kuzibwa dirisha likifika, na vipo virefu vya kuachwa wazi maisha. Ukikosea, umeliua dirisha. Aliyeuza hakuandika lolote, aliyenunua hana karatasi, na aliyelileta nchini hapokei simu. Mteja analitaka Jumatatu. "Nizibe au niache?" mzee aliniuliza.