Printa zilizovunja rekodi: mbio za kuifikia taipureta na matbaa

Kwa miaka mingi kasi na uzuri vilikuwa mafahali wawili: havikukaa zizi moja. Printa iliyochapa upesi ilitoa maandishi yasiyovutia, na iliyotoa maandishi mazuri ilijikokota. Hizi ndizo zilizoongoza.

Kongwe kuliko zote. Mwingereza Charles Babbage alichora printa ya mashine yake ya kukokotoa kati ya 1847 na 1849. Majedwali ya hesabu ya enzi hizo yalijaa makosa ya wapanga herufi, hivyo mashine ingechapa majibu yenyewe, kisha iyagandamize kwenye plasta laini ili zisubiwe sahani za matbaa. Babbage alifariki 1871 bila kuiona. Science Museum ya London iliijenga zaidi ya karne moja baadaye, nayo ikafanya kazi.

Bingwa wa nyundo. IBM 1403 ya mwaka 1959 ilichapa mistari 600 kwa dakika. Mnyororo wa herufi ulizunguka bila kusimama, na nyundo 132 ziligonga karatasi kila herufi ilipofika mahali pake. Ila mnyororo wa kawaida ulikuwa na herufi kubwa tupu: ulifaa orodha za mishahara, si barua ya mkurugenzi.

Nadhifu ila pole. Barua hiyo iliandikwa na printa ya Diablo ya miaka ya 1970. Herufi zilikaa kwenye ncha za gurudumu mfano wa ua, zikagongwa mojamoja kwenye utepe, kama taipureta hasa. Ilitoa herufi 30 kwa sekunde. 1403 iliweza zaidi ya mara 40 ya hizo.

Ya kwanza ya leza sokoni. Gary Starkweather wa Xerox ndiye aliyebuni uchapaji wa leza, lakini IBM iliwahi sokoni. IBM 3800 ya kwanza ilifungwa 1976 katika kituo cha data cha Woolworth, Milwaukee, ikifikia mistari 20,000 kwa dakika.

Yenye akili kuliko bwana wake. Apple LaserWriter ya 1985 iliuzwa dola 6,995. Ukurasa mmoja wa nukta 300 kwa inchi una nukta zaidi ya milioni nane, na printa ilizikokotoa zote yenyewe kwa lugha ya PostScript. Ndiyo maana ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 1.5, mara tatu ya Macintosh ya kilobaiti 512 iliyoiamuru.

Mwigo uliodumu. Ndani ya LaserWriter, Times, fonti iliyozaliwa 1932 kwa ajili ya gazeti la London, ilikaa pamoja na Courier, ambayo Howard Kettler aliibuni kwa taipureta za IBM. Miswada ya filamu za Marekani bado huandikwa kwa Courier, na humo *i* nyembamba hupewa nafasi sawa na *m* pana, ingawa hakuna tena taipureta inayosogea hatua moja kwa kila herufi.