Programu za Halali kwa Kompyuta Mpya

Vijana wetu wa Ruvu, kuanzia Mlandizi hata Kisarawe, wakiisha kutia mfumo mpya katika kompyuta, wengi hukimbilia programu za kuuzwa zilizovunjwa kufuli zipate kutumika bila ya malipo. Sisi twasema: hiyo ni mali ya watu, na mali ya mtu haiwi halali ila kwa ridhaa yake. Tena mara nyingi huja na virusi ndani.

Njia ya halali ipo, wala haina bei. Ziko programu huria, ambazo wenyewe wamemruhusu kila mtu kuzitumia na kuzinakili. Kwa barua na hesabu, chagueni LibreOffice. Kwa kusikiliza visomo vya Qur'ani, VLC. Kwa intaneti, Firefox. Zote zafanya kazi katika Windows na katika Ubuntu. Na Kiswahili hakikusahauliwa: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa lugha yetu.

Mmoja na aipakue katika tovuti ya wenyewe, kisha wenziwe wanakili kwake. Hapo fedha imeokoka, na dhambi haipo. Wabillahi tawfiq.