Komisyo ya ku telefone: feza inatoka kwa nani?

Wandugu wachimbaji, na ninyi mama ambao mnabakia Kisangani wakati bwana yuko ku shimo, leo siandiki juu ya bei ya karati wala juu ya kadi ya mchimbaji. Naandika juu ya telefone.

Juma iliyopita, magaribi, mama mmoja alikuja kwangu Mangobo. Bwana yake anachimba upande wa Bafwasende. Akasalimia, akakaa, akatoa telefone mu kitambaa.

— Papa delege, wananiambia ni kazi. Unalipa dola 50, wanakupa kiungo yako, unaituma kwa watu, komisyo inaingia. Bwana ametuma feza ya mawe. Nilipe?

— Mama, hao watu wanauzisha kitu gani?

Akaangalia telefone, akaniangalia mimi.

— Sijui, papa. Wanasema tu nilete watu watano.

Nilimwomba angoje siku tatu, asilipe. Jibu nililomtafutia nimeona nilipe wote, sababu si yeye peke yake anayepata ujumbe wa namna hiyo. Kuuzisha kwa komisyo ku intaneti ni kazi ya kweli, na duka nyingi kubwa zinaitumia. Lakini kuko wezi wanaovaa nguo yake. Ili tuwatambue, lazima kwanza tujue kazi yenyewe inatembea namna gani.

Komisyoneri tunamjua

Kisangani haingoji mtu wa Ulaya aje kuifundisha komisyo. Mchimbaji akipata jiwe, analiuzisha kwa negosianti. Negosianti akifika mjini, mara nyingi anakutana na komisyoneri. Huyu hana jiwe, hana feza ya kununua jiwe, lakini anajua leo kontwari gani inatafuta mawe ya namna gani. Anamsindikiza muuzishaji. Jiwe likinunuliwa, anapata sehemu yake. Lisiponunuliwa, anarudi nyumbani mikono mitupu. Hata mtu wa kabini anayekutolea feza ya M-Pesa ao Airtel Money analipwa vilevile: sehemu ndogo ku kila operesheni.

Angalieni vizuri mambo mawili. La kwanza, komisyoneri hakununua cheo chake kwa komisyoneri mwingine. La pili, feza yake inatoka ndani ya bei ya jiwe. Tuyashike hayo mawili, tutayahitaji mbele.

Ku intaneti inatembea hivi

Kuko watu watatu: mwenye duka, mleta wateja na mnunuzi. Duka inampa mleta wateja kiungo, ni kusema ile anwani unayogusa na kidole na ukurasa unafunguka. Viungo vyote vinapeleka ku duka moja, lakini ndani ya kila kimoja kuko namba ya yule aliyekituma. Mnunuzi akigusa, alama ndogo inabaki mu telefone yake. Wenye ufundi wanaiita kuki. Akinunua wakati alama ingali hai, duka inajua ni nani aliyemleta.

Alama hiyo ina maisha yake. Kwa Amazon, duka kubwa ya Marekani, inaishi saa 24. Mteja akigusa kiungo yako leo, asiweke kitu mu kikapu, kisha akarudi mwenyewe kununua kesho kutwa, wewe umekosa. Tena duka hailipi palepale. Inangoja kwanza kuona kama mteja hatarudisha kitu. Akirudisha, komisyo inafutwa.

Tufanye hesabu, mfano tu. Redio ya dola 40, komisyo ya 5 ku mia: unapata dola 2. Ili ufikie dola 100, lazima watu 50 wanunue redio kupitia kwako. Ni feza halali, lakini haianguki kama mvua.

Faida ya mwenye duka

Kwa nini mfanyabiashara anapenda njia hii? Akiweka tangazo ku redio, analipa mbele. Watu wasipokuja, feza imekwenda. Kwa komisyo analipa nyuma, kitu kikiisha kuuzishwa. Tena anajua nani amemletea mteja na nani anapiga kelele bule. Na zaidi ya yote, watu wanaamini mdomo wa jirani kushinda mdomo wa tangazo.

Amazon ilifungua mpango wake wa komisyo mu mwaka wa 1996, wakati bado inauzisha vitabu, mwaka mmoja tu kisha kufungua duka. Mtu mwenye ukurasa juu ya uvuvi aliweza kuonyesha kitabu cha uvuvi, na akapata sehemu yake. Hivyo duka ilipata wauzishaji wengi bila kuwalipa mshahara.

Hapa Afrika, Jumia, iliyoanzishwa Nigeria mu 2012 na inayofanya kazi pia Kenya na Uganda, ilitengeneza mawakala wanaoitwa JForce. Wakala anaenda kwa mtu ambaye hana intaneti, ao anaogopa kulipia kitu ambacho hajakigusa. Anamwagizia, kitu kinafika, wakala anapata komisyo. Ni akili nzuri, sababu kwetu mteja anataka kwanza kuona uso wa mtu anayemjua.

Lakini hata njia hiyo ina mlango wa nyuma. Mu mwezi wa 8 wa 2019, Jumia yenyewe ilitangaza kwamba kulikuwa maagizo yasiyo halali yaliyopita ku njia ya JForce, kisha yakafutwa, na kwamba huko Nigeria mawakala na wauzishaji wengine walipatana na wafanyakazi wake ili wale komisyo. Fundisho kwa kila mwenye duka, mkubwa ao mdogo: usilipe komisyo juu ya agizo. Lipa wakati mteja ameshika kitu na feza yake imeingia.

Jicho la sendika

Sasa niongee kama mtu wa sendika. Komisyo siyo mshahara. Hakuna mkataba wa kazi, hakuna CNSS, hakuna delege wa kukutetea. Mega unalipa wewe, kuchaji telefone unalipa wewe, na umeme wa Kisangani tunaujua.

Tena bei inapangwa na upande mmoja. Mu mwezi wa 4 wa 2020, Amazon ilishusha komisyo huko Marekani: vyombo vya nyumba kutoka 8 ku mia mpaka 3, vyakula kutoka 5 mpaka 1. Aliyekuwa anapata dola 80 juu ya meza na viti akaanza kupata 30 kwa kazi ileile. Hakuna aliyekaa nao ku meza kuzungumuza. Mchimbaji anaelewa uchungu huo bila kuelezwa, sababu naye anauzisha jiwe kwa bei iliyopangwa mbali na shimo.

Kwa hiyo, mtoto wako akitaka kufanya kazi hii, usimkataze. Mwambie iwe shamba la pili, siyo la kwanza. Na mbele ya kutuma kiungo hata moja, aulize: komisyo ni ngapi ku mia, nitalipwa siku gani, na nitalipwa kwa njia gani hapa Kisangani? Kampuni inayolipa ku banki za mbali tu haimfai mtu ambaye yuko na Orange Money peke yake.

Nguo ya mwizi

Turudi kwa yule mama. Wazee wanakumbuka Bindo, wakati wa Zaire. Bindo Promotion ilikusanya feza za watu Kinshasa na kuwaahidi kuzizidisha mara nyingi mu muda mfupi. Wa kwanza walilipwa kweli, na feza ya wale waliokuja nyuma. Mu 1991 ikaanguka, na watu wakapoteza akiba yao yote. Hapakuwa kitu kilichouzishwa. Palikuwa tu feza ya mgeni inayoingia mu mfuko wa mwenyeji.

Ujumbe wa dola 50 njo Bindo mwenye viatu vipya. Pigeni hesabu. Mtu mmoja analeta 5. Hao 5 wanaleta 25. Kisha 125, 625, 3.125, 15.625, 78.125, 390.625, 1.953.125. Ku mara ya kumi ni watu 9.765.625. Hata tukihesabu Kisangani yote, kutoka Lubunga mpaka Kabondo, na watoto wachanga ndani, hatufiki hapo. Maana yake, wa mwisho hawatapata mtu wa kuleta, na wa mwisho njo wengi kushinda wote.

Msichanganye na likelemba. Mu likelemba ya watu kumi, kila mtu anaweka sawasawa na anapokea sawasawa, kila mmoja ku zamu yake. Hakuna anayeahidiwa faida, na wote mnajuana kwa sura.

Basi, swali la kuuliza ni moja tu: feza ya komisyo inatoka kwa nani? Ikitoka kwa mtu aliyenunua kitu, ni kazi. Ikitoka kwa mtu aliyelipa kuingia, ni wizi, hata wakikuonyesha picha za magari.

Tunaweza kuanzia hapa

Hatuna lazima ya kungoja Marekani. Mama anayeuzisha bote, tochi na turubai ku soko anaweza kufanya hivi na WhatsApp na kaye moja. Achague watu watano wenye ndugu ku mashimo, Bafwasende ao Banalia. Kila mmoja apewe namba yake: A1, A2, A3. Mteja akiagiza, ataje namba ya aliyemwambia. Bote zikifika na kulipwa, mama anaandika mu kaye na kutuma komisyo siku ileile ku telefone. Hakuna anayelipa kuingia. Kiasi cha komisyo kiandikwe mbele, wote watie sahihi, na kisibadilishwe bila kukutana. Hapo sisi tunaweza kuishinda Amazon.

Mjue pia kwamba biashara ya ku telefone haiko nje ya sheria. Toka tarehe 13 mwezi wa 3 wa 2023, inchi yetu iko na Code du numérique, na biashara ya ku intaneti imo ndani. Kwa hiyo tunzeni ujumbe na risiti za telefone. Msifute.

Kisha siku tatu, mama alirudi. Nilimweleza yote haya, kisha nikamwambia aandikie wale watu swali moja: «Munauzisha nini?» Akaandika palepale mbele yangu. Tulingoja. Jibu lilikuja kisha dakika chache: «Mama, wewe hauna akili ya biashara.» Wakamtoa mu grupu.

Akacheka, akafunga telefone mu kitambaa. Zile dola 50, akasema, ni minervali ya mtoto, kinachobaki kitaingia mu likelemba.

— Na bote, papa delege? Ule mwenye kuuzisha bote, ni nani?

Nikamwonyesha njia ya soko.