Paka Asiye na Manyoya: Wajibu wa Amzalishaye na wa Amchukuaye

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wasomaji wa gazeti letu, nadhani wengi wenu mmepata kuona picha ya paka asiye na manyoya. Ngozi yake ina makunyanzi, masikio yake ni makubwa kama ya popo, na mwili wake u wazi kama wa kuku aliyenyonyolewa. Wako wanaomcheka, wako wanaomwogopa, na wako watu wa Ulaya na Amerika wanaotoa fedha nyingi ili wampate. Katika makala haya nataka kueleza paka huyu alitoka wapi, yampasa nini mtu anayemzalisha nyumbani kwake, na yampasa nini mtu anayetaka kumchukua akae naye. Nimeichagua habari hii kwa sababu ndani yake mna somo la urithi tunalofundishwa darasani, na tena mna swali la haki ambalo halimo katika kitabu cha somo hilo.

ASILI YAKE

Jina lake ni Sphynx, na kwa ajili ya jina hilo watu hudhani ametoka Misri, kwenye ile sanamu kubwa ya jiwe yenye mwili wa simba. Sivyo. Mwaka 1966, katika mji wa Toronto nchini Kanada, paka wa kawaida mwenye manyoya yake alizaa mtoto dume asiye na manyoya. Mtoto huyo akaitwa Prune. Alipokua akapandishwa kwa mama yake mwenyewe, akapatikana mwingine wa namna yake. Lakini ukoo ulioanza kwa mama na mwanawe ulikuwa mwembamba mno, na hatimaye ukakatika.

Mwaka 1975 katika jimbo la Minnesota, Marekani, paka wa shambani akazaa mtoto wa namna ile ile, na mwaka 1978 wakaonekana wengine tena Toronto. Hawa wa mara ya pili ndio chanzo cha Sphynx wa leo, baada ya kuchanganywa na paka wa Kiingereza waitwao Devon Rex, ambao manyoya yao ni mafupi na yamejipinda. Huko Urusi nako, mjini Rostov-on-Don, mwaka 1987 alipatikana paka mwingine wa ngozi tupu, naye ni chanzo cha aina iitwayo Donskoy. Lakini urithi wake ni wa namna nyingine, basi sitamweleza hapa.

Si kweli kwamba Sphynx hana unywele hata mmoja. Wengi wao wana malaika, yaani vile vinywele vyembamba kama vilivyo mkononi mwa mtoto mchanga. Sharubu zake ama hazipo kabisa, ama ni fupi na zimekatika.

URITHI WAKE

Sisi wa Kidato cha Nne tumesoma habari za Mendel na njegere zake. Paka huyu hufuata kanuni ile ile. Mwaka 2010 wataalamu walitangaza kwamba kasoro imo katika jeni iitwayo KRT71, ambayo kazi yake ni kuongoza utengenezaji wa keratini katika shina la unywele. Unywele huota, lakini kwa kuwa ni dhaifu hukatika na kudondoka.

Jeni hiyo yenye kasoro hujificha ikiwa pamoja na jeni nzima. Wazazi wote wawili wakiwa hawana manyoya, watoto wao wote watakuwa hawana. Mzazi mmoja akiwa hana, na wa pili akiwa na manyoya lakini ameificha jeni ile, yatazamiwa nusu ya watoto wawe hawana. Wazazi wote wakiwa na manyoya na kila mmoja ameificha, yatazamiwa mtoto mmoja katika wanne.

Basi mtu aweza kukaa na kalamu na karatasi akahesabu ngozi za watoto atakaowapata. Hapo ndipo penye hatari. Hesabu ya ngozi ni nyepesi, lakini jeni za moyo, za misuli na za damu hazionekani kwa macho, nazo hurithiwa vile vile. Mwenye kuangalia ngozi tu aweza kuzalisha mzuri wa kutazamwa ambaye ndani yake ni mgonjwa.

YAMPASAYO MZALISHAJI

Paka wa kawaida huzaliwa amevaa. Manyoya yake humkinga na baridi, na jua, na mikwaruzo. Mtu anayezalisha paka wasio na manyoya huwavua nguo hiyo kabla hawajazaliwa, tena kwa kusudi. Kwa hiyo mimi naona kwamba ana deni kubwa kuliko mfugaji mwingine, na deni hilo huanza siku anapochagua wazazi, wala si siku watoto wanapozaliwa.

Kwanza ni moyo. Sphynx ni miongoni mwa paka wanaopatwa sana na ugonjwa wa kunenepa kwa msuli wa moyo. Ukuta wa moyo huwa mnene, na nafasi ya damu ndani yake hupungua. Paka aweza kufa ghafla. Au damu huganda, bonge lake likaziba mshipa uendao miguu ya nyuma, akapooza. Ugonjwa huu mara nyingi haujionyeshi utotoni. Paka wa mwaka mmoja aweza kupimwa akaonekana mzima, na kufikia miaka minne ni mgonjwa naye amekwisha kuzaa mara tatu. Ndiyo sababu mzalishaji mwema huwapeleka paka wake kwa daktari wa wanyama aliye na ujuzi wa moyo, wapigwe picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti kila mwaka, si mara moja tu. Tena huuliza habari za babu na bibi zao. Akionekana mwenye ugonjwa, haachwi azae tena.

Jambo hili si la kubahatisha. Mwaka 2024 wataalamu wa Royal Veterinary College ya London, pamoja na wenzao, walitoa hesabu ya umri wa paka wa Uingereza. Paka kwa jumla walitazamiwa kuishi miaka 11.7 tangu kuzaliwa. Sphynx walikuwa wa mwisho katika orodha yao: miaka 6.7.

Pili ni damu. Paka wana makundi ya damu, na yaliyo makubwa ni A na B. Mama wa kundi B akizaa na dume wa kundi A, aweza kupata watoto wa kundi A. Wanapozaliwa huwa wazima kabisa, lakini wakinyonya dang'a, yale maziwa ya kwanza, kinga zilizomo huingia mwilini mwao na kuiharibu damu yao. Watoto wanaweza kufa kwa maziwa ya mama yao wenyewe. Nao paka wa kundi B si wachache katika Devon Rex waliochanganywa na Sphynx. Kumbe dawa yake ni rahisi: kupima damu ya wazazi kabla ya kuwapandisha.

Tatu ni misuli. Kuna ugonjwa wa kurithi uonekanao katika Sphynx na Devon Rex, ambao humfanya mtoto ashindwe kuinua kichwa vizuri, achoke upesi, na pengine apaliwe na chakula. Kipimo cha jeni kipo. Paka wawili wanaouficha ugonjwa huo wasipandishwe pamoja.

Nne ni mama mwenyewe. Asipandishwe kabla hajatimiza mwaka, wala asizalishwe mfululizo kama mashine. Mimba yake huchukua siku 65 hivi, na siku zikikaribia huhitaji mahali pa faragha penye joto. Watoto wa paka yeyote hawawezi kujitunzia joto mwilini siku za kwanza. Hawa wasio na manyoya ndio zaidi. Chumba kikipoa usiku mmoja, huenda asubuhi ukakuta mmoja amekufa.

Tano ni malezi. Hapa ndipo nyumba inaposhinda kizimba. Tangu juma la pili mpaka la saba hivi, mtoto wa paka hujifunza nani wa kuogopwa na nani wa kuaminiwa. Akishikwa kwa upole kila siku, akasikia sauti za watu, vyombo na milango, hukua mtulivu. Akifungiwa kizimbani peke yake hukua mwoga, na paka mwoga ndiye arudishwaye au atupwaye. Asiondolewe kwa mama yake kabla ya majuma 12 au 13, baada ya kupata chanjo zake na kujua kutumia sanduku la mchanga.

YAMPASAYO MCHUKUAJI

Wako watu wanaomtaka paka huyu kwa kudhani hana kazi, maana hana manyoya ya kufagia. Ukweli ni kinyume chake. Ngozi ya kila paka hutoa mafuta, na kwa paka wa kawaida mafuta hayo huenea katika manyoya. Sphynx hana pa kuyapeleka, basi hubaki juu ya ngozi, yakashika vumbi na kuchafua matandiko. Yafaa aogeshwe mara kwa mara, kwa wengi ni kila juma au majuma mawili, kwa maji ya vuguvugu na sabuni nyororo, kisha akaushwe mara moja. Masikio na mizizi ya kucha hujaa uchafu, navyo visafishwe. Jua kali humbabua kama limbabuavyo mtu mwenye ngozi nyeupe. Baridi humtesa. Na kwa kuwa joto lake hupotea upesi, hula zaidi kuliko wenzake. Huyu ni paka wa kukaa ndani.

Kosa jingine ni la wale wanaodhuriwa na paka, wakapiga chafya na kuwashwa macho. Husema, "Nitachukua asiye na manyoya nipone." Lakini kinachowadhuru si unywele, bali ni protini itokayo katika mate ya paka na mafuta ya ngozi yake, na Sphynx anayo vile vile. Mtu wa namna hii yafaa akakae na paka huyo saa nyingi, tena siku mbalimbali, kabla ya kukubali. Asipofanya hivyo, huyachukua maradhi nyumbani, na mwisho wake paka hufukuzwa kwa kosa lisilo lake.

Tena pana udanganyifu. Mwaka 2017 magazeti ya Kanada yalieleza habari za watu wa jimbo la Alberta walionunua watoto wa Sphynx, na baada ya siku kupita manyoya yakaanza kuota: walikuwa paka wa kawaida walionyolewa. Mnunuzi akadhulumiwa, na mtoto wa paka akateswa ngozi yake.

Basi anayetaka kumchukua aulize hivi. Je, naweza kumwona mama mahali anapoishi? Iko wapi hati ya daktari ya picha ya moyo wa wazazi wote wawili, nayo ni ya mwaka gani? Damu yao ni ya kundi gani? Mtoto huyu ana majuma mangapi? Nikishindwa kumtunza, utampokea? Swali hili la mwisho ndilo kipimo kikubwa. Mzalishaji mwema husema, "Mrudishe kwangu, hata baada ya miaka kumi," naye huliandika neno hilo katika mkataba. Asiyetaka kuulizwa ameshajibu.

Na kabla ya kununua mtoto, mtu aangalie kama yuko mkubwa anayetafuta kwao. Katika nchi zenye paka hawa wengi, huwapo waliorudishwa, waliofiwa na bwana wao, au majike waliomaliza kuzaa na kufungwa kizazi. Mkubwa ana faida moja ambayo mtoto hana: moyo wake waweza kupimwa leo, na tabia yake yajulikana.

JE, YAFAA WAZALISHWE?

Baada ya kusoma haya, msomaji aweza kuuliza kama ni haki kuwazalisha kabisa. Serikali nyingine zimekwisha kujibu. Ujerumani ina sheria inayokataza kuzalisha wanyama kwa namna ya kuwatesa, na mwaka 2015 mahakama moja ya Berlin iliamua kwamba dume wa Sphynx asiye na sharubu ahasiwe, kwa kuwa paka hutumia sharubu kupapasa njia gizani na kupima anapopita. Uholanzi imekwenda mbali zaidi: tangu tarehe 1 Januari 2026 sheria yake inakataza kuweka paka wasio na manyoya, isipokuwa wale waliokuwapo na kutiwa chipu ya utambulisho kabla ya siku hiyo, ambao wataachwa wamalize maisha yao.

Wafugaji nao wana hoja yao. Husema kwamba paka hawa ni wapole, hupenda watu kupita kiasi, na mwenye kupima na kuchagua vizuri aweza kupunguza maradhi mwaka hata mwaka. Hoja hiyo ina ukweli. Lakini mimi naona upole si sababu ya kumzaa mnyama bila nguo, maana paka mpole mwenye manyoya yuko tele. Rai yangu ni hii: wasizalishwe zaidi kwa ajili ya sura. Waliokwisha kuzaliwa hawana hatia, nao wapate nyumba zenye joto na watu wasiochoka. Na pale sheria ingali inaruhusu, mwenye kuzalisha afungwe na masharti niliyoyataja, na asiyeweza gharama ya daktari aache.

Wengi wetu tuliomo shuleni hapa pengine hatutafuga Sphynx maisha yetu yote. Hata hivyo tutafuga paka, mbwa, kuku, mbuzi au ng'ombe, nasi tutachagua dume gani ampande jike gani. Wahenga walisema, "Paka wa nyumba haingwa," maana aliye wa nyumbani hafukuzwi. Nami naongeza kwamba kabla hujamfanya wa nyumbani, jiulize kama mwili uliomchagulia utamwezesha kuishi vizuri, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuulizwa.