Kipimo cha VVU kiko kemisti ya Free Area, lakini nani atamfikishia binti wa Subukia?

Ukishuka matatu Free Area, kando ya barabara kuu ya Nakuru-Nairobi, hutembei mbali kabla ya kuona duka la dawa. Unaingia, unaulizia kifaa cha kujipima virusi vya Ukimwi (VVU) kwa sauti ya chini, unalipa, unakitia kwenye mkoba na kwenda zako. Aliyekuuzia hakujui, hamjui mamako, na kesho mkipitana stejini hatakukumbuka.

Sasa shika barabara ya Nyahururu, upite Bahati uelekee Subukia, kisha uache lami uingie vijijini. Huko, binti wa miaka 19 akitaka kupimwa anaenda zahanati ile ile ambayo nyanyake huchukulia dawa za presha. Muuguzi ni jirani. Anayeandika majina kitabuni huimba naye kwaya. Kwenye benchi la kusubiria wamekaa kina mama wa chama cha mamake. Kabla hata hajaitwa ndani, kijiji kishajiamulia alichofuata.

Basi anaahirisha. Wiki inakuwa mwezi, na mwezi unakuwa mwaka.

Kwa miaka mingi tumeambiwa kwamba vijana hawapimwi kwa sababu hawana habari. Lakini uliza msichana yeyote aliyemaliza shule: habari anazo. Anajua kondomu, anajua VCT, anajua dawa zipo. Kinachomkosesha ni mahali pa kupimwa ambapo hakuna macho, na mtu wa kukaa naye majibu yakitoka. Hapo ndipo kifaa cha kujipima kinapoingia, hasa kikiletwa na msichana wa rika lake badala ya mtu mwenye koti jeupe.

Kifaa kipo, macho bado yapo

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza watu waruhusiwe kujipima VVU mnamo Desemba 2016. Kenya haikuchelewa. Mei 2017 serikali ilizindua rasmi vifaa vya kujipima, pamoja na PrEP, yaani dawa za kumkinga mtu ambaye hajaambukizwa. Tangu hapo vifaa vimekuwa vikiuzwa kwenye maduka ya dawa na kutolewa katika baadhi ya vituo vya afya.

Kwa kijana wa mjini, hiyo ilikuwa hatua kubwa. Kwa wa mashambani, si sana. Kifaa kimoja huuzwa mamia ya shilingi, na kwa anayeishi kwa kibarua cha kuvuna viazi au kupalilia mahindi, hayo yaweza kuwa malipo ya siku nzima. Halafu kuna nauli ya kufika mjini na kurudi. Na duka la dawa likiwepo sokoni pale kijijini, mwenyewe anamjua kila mtu.

Na wanaohitaji kipimo hiki zaidi ni hao hao wasichana. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa asilimia 4.9 ya Wakenya wa umri wa miaka 15 hadi 64 walikuwa wakiishi na VVU. Kwa wanawake ilikuwa asilimia 6.6 na kwa wanaume 3.1. Utafiti huo pia ulionyesha kwamba takriban mtu mmoja kati ya kila watano wenye virusi hakujua kuwa anavyo.

Sababu za wanawake kuwa wengi si siri. Maumbile ya mwili wa mwanamke humweka katika hatari zaidi ya kuambukizwa. Ongeza wanaume wenye umri mkubwa: sponsa, mwajiri, dereva wa lori anayelala njiani, ama mwenye bodaboda anayekupa lifti leo na kesho anataka kulipwa kwa njia nyingine. Msichana anayetegemea mwanamume kwa nauli na pedi hana sauti ya kumwambia avae kondomu.

Kuna pia hili ambalo wauzaji dawa wanalijua vizuri. Baada ya wikendi, wengi huingia kemisti kuulizia P2. Hofu iliyo karibu ni mimba, kwa sababu tumbo litaonekana. VVU havionekani. Lakini P2 huzuia mimba tu, haizuii virusi. Ikiwa kondomu ilipasuka au haikutumika, kuna dawa za PEP za kuzuia maambukizi, na lazima uanze kuzimeza ndani ya saa 72. Hospitali za umma huzitoa. Ukingoja wiki iishe, umechelewa.

Walichofanya Kasensero

Kama kuna kijiji Afrika Mashariki chenye haki ya kutufundisha kuhusu Ukimwi, ni Kasensero, kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Victoria kusini mwa Uganda. Ni pale ambapo visa vya kwanza vya ugonjwa huu nchini humo vilitambuliwa mwaka 1982.

Miaka zaidi ya 35 baadaye, watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Makerere walijaribu jambo rahisi huko. Badala ya kuwaita watu kliniki, waliyafuata makundi ambayo tayari yalikuwepo: marafiki, wanaofanya kazi pamoja, wanaopiga soga pamoja. Kila kundi lilichagua mtu linayemwamini. Huyo akafunzwa jinsi kifaa kinavyotumika, akapewa vifaa, akaenda kuwagawia wenzake, wakiwemo wasichana wa miaka 15 hadi 24.

Karibu wote waliopewa vifaa walivitumia. Na yule aliyegawa hakutoweka. Alirudi kuulizia hali, na aliyehitaji kwenda kliniki alisukumwa taratibu na mtu anayemjua.

Tanzania nayo imejaribu kwa njia yake. Mkoani Shinyanga, maduka ya dawa yaliendesha Malkia Klabu, mpango wa wasichana wa miaka 15 hadi 24, ambapo mwanachama angeweza kuagiza bidhaa za afya ya uzazi na kifaa cha kujipima bila kutaja jina la kitu mbele ya wateja wengine. Mwaka huo huo wa 2019, mwezi wa Novemba, Bunge la Tanzania lilibadilisha sheria na kuruhusu watu wenye umri wa miaka 18 na zaidi kujipima.

Ukiiangalia mifano hii miwili, jambo ni moja: msichana hakuhitaji kuhubiriwa. Alihitaji kuondolewa aibu ya kuomba.

Dakika 20 ni ndefu

Wengine watasema: si basi tusambaze vifaa tu, kila mtu ajipime kivyake? Ngoja kwanza.

Kifaa kinachotumika sana ni cha majimaji ya kinywani. Hutakiwi kula wala kunywa kwa angalau dakika 15 kabla, wala kupiga mswaki kwa dakika 30. Unapitisha kijiti kwenye ufizi wa juu mara moja na wa chini mara moja, unakitumbukiza kwenye kichupa chenye dawa, kisha unasubiri. Majibu husomwa baada ya dakika 20 na kabla ya dakika 40 kuisha. Mstari mmoja kwenye herufi C maana yake hakuna dalili ya VVU. Mistari miwili, kwenye C na T, hata ule wa pili ukiwa hafifu, maana yake nenda ukapimwe tena. Mstari wa C usipotokea, kifaa kimeharibika. Vipo pia vya tone la damu ya kidole, na hivyo vingine hutoa majibu kwa takriban dakika moja.

Hadi hapo ni rahisi. Mambo hubadilika mtu akiwa peke yake chumbani, simu imezimwa, anakodolea macho mstari wa pili unaojitokeza polepole.

Hapo ndipo mwelimishaji rika anapokuwa wa maana kuliko kifaa chenyewe. Kwanza, anajua kusema kwamba mistari miwili si hukumu. Kipimo hiki ni cha kuchuja tu, na ni lazima majibu yathibitishwe kwa vipimo vingine katika kituo cha afya. Pili, anajua kumtuliza aliyepata mstari mmoja na kuanza kusherehekea mapema. Kifaa hiki kinatafuta kingamwili, siyo kirusi chenyewe, na mwili huchukua muda kuzitengeneza. Kama hatari ilikuwa wiki iliyopita, majibu ya leo hayasemi kitu. Rudia baada ya miezi 3.

Tatu, anajibu yale maswali ambayo mtu anaogopa kumuuliza daktari. Ati kama wanapima kinywani, basi kupigana busu kunaambukiza? La. Kinachopimwa ni kingamwili, na mate hayaambukizi VVU. Je, anayemeza ARV akijipima ataonekana amepona? Dawa zinaweza kukipotosha kifaa, kwa hivyo anayetumia ARV hapaswi kujipima nacho. Na nikipatikana navyo, maisha yamekwisha? La. ARV hutolewa bure katika hospitali za umma, na anayezimeza vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mpenziwe kwa ngono. Anaweza pia kuzaa mtoto asiye na virusi.

Mengi ya maneno haya yameandikwa kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya pakiti. Lakini nani husoma karatasi huku mikono ikitetemeka?

Pale ambapo rafiki anaweza kuharibu

Tusidanganyane, njia hii ina hatari zake. Rika ni lile lile linalosengenya. Rafiki akigawa kifaa leo na kesho akatangaza kwenye WhatsApp nani alichukua, amefunga mlango huo kwa kijiji kizima. Ndiyo maana sheria ya kwanza ya mwelimishaji rika ni kwamba haombi kuonyeshwa majibu. Akionyeshwa, anakufa nayo.

Hatari ya pili ni kulazimishana. Mwanamume anaweza kumwekea mpenziwe kifaa mezani na kusema, "Jipime nikiona." Mzazi anaweza kufanya hivyo. Mwajiri pia. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu kuzuia na kudhibiti VVU na Ukimwi inakataza kumlazimisha mtu kupimwa, iwe ni kwa ajili ya kazi, ndoa au nafasi ya shule. Kwa aliye chini ya miaka 18, sheria hiyo inataka idhini ya mzazi au mlezi, isipokuwa kama tayari ni mjamzito, ameolewa, ni mzazi, au ana mwenendo unaomweka hatarini kuambukizwa. Kwa hivyo mdogo kama huyo asiachiwe kifaa tu. Aunganishwe na mhudumu wa afya.

Na je, msichana ampelekee mpenziwe kifaa? Kisumu walilijaribu hilo kwa wanawake 600 waliokuwa wakihudhuria kliniki za wajawazito na waliojifungua. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016, wanaume walipimwa kwa asilimia 90.8 pale wanawake walipopewa vifaa vya kupeleka nyumbani. Pale walipopewa barua tu ya kumwalika mwanamume kliniki, ilikuwa asilimia 51.7. Inafanya kazi. Lakini anayemjua mwanamume wake ni msichana mwenyewe. Kama ni mtu wa kurusha ngumi, asishinikizwe. Nambari ya 1195, ya waathiriwa wa dhuluma za kijinsia, hupigwa bila malipo.

Mfuko umetoboka

Januari 2025, Marekani ilisitisha misaada yake ya nje, na Julai 1 mwaka huo shirika la USAID likafungwa rasmi. Hapa Kenya, maelfu ya wahudumu wa VVU waliokuwa wakilipwa kupitia fedha hizo waliathirika. Miongoni mwao walikuwa waelimishaji rika, wale vijana wa kupewa hela kidogo za nauli na simu ili wazunguke vijijini.

Pesa zikipungua, kitu cha kwanza kukatwa ni hiyo nauli. Dawa zinahesabika, vifaa vinahesabika, lakini saa mbili ambazo msichana wa miaka 22 alikaa na mwenzake chini ya mti hazina mahali pa kuandikwa kwenye ripoti. Ni kosa kubwa. Pakiti za vifaa zikibaki kwenye kabati la hospitali bila mtu wa kuzipeleka, hazijamsaidia yeyote.

Nakuru ilipewa hadhi ya jiji Desemba 1, 2021, ambayo ni Siku ya Ukimwi Duniani. Huenda ilikuwa sadfa tu. Lakini kila mwaka jiji likiadhimisha siku yake, serikali ya kaunti ina nafasi nzuri ya kujibu swali moja kwenye bajeti: nani anamlipia nauli mwelimishaji rika wa Subukia, Kuresoi na Njoro?

Wakati tukingoja jibu, kijana wa Free Area ana kitu cha kufanya. Wengi wetu tuna binamu au rafiki wa shule aliyebaki mashambani. Ukienda kwa mazishi, harusi ama Krismasi, muulize kama angependa kifaa. Akikubali, mbebee. Mweleze kinavyotumika, mpe nambari yako, umwambie utashika simu hata iwe usiku. Usimuulize majibu. Akikupigia na kukwambia ameona mistari miwili, usimpe mawaidha wala usimuulize ni nani aliyemwambukiza. Mwambie asubuhi mtaenda pamoja hospitali, na kama ni hapa mjini ambako hakuna anayemjua, mfungulie mlango alale kwako.