Plastiki ya Mgeni Hununuliwa na Mwenyeji

Zamani mgeni aliyetaka kuamka akitazama mashamba ya chai ya Kericho hakuwa na pa kuchagua sana. Aliteremkia Tea Hotel, jengo lililosimamishwa na kampuni ya Brooke Bond katika miaka ya 1950, au akatafuta chumba cha bei nafuu mjini. Siku hizi ukishika barabara ya Kericho kupitia Litein na Kapkatet hadi Kaplong, kisha ukaelekea Bomet, utakuta nyumba za kukodisha zimejaa vilimani. Waliojenga nyumba ya pili shambani, au waliorithi ya wazazi, wanaikodisha kwa usiku mmoja au miwili kwa wageni wanaoweka nafasi kwa simu. Watu huziita zote Airbnb, hata zile ambazo hazijawahi kuandikishwa katika mtandao huo.

Tazama kinachomngoja mgeni ndani. Mezani kuna chupa mbili za maji za nusu lita, vifuko vya sukari, vya kahawa na vya maziwa ya unga. Bafuni kuna vichupa vya shampuu ya kuoga mara moja, kipande cha sabuni kilichofungwa kwa nailoni, mswaki ndani ya nailoni nyingine, na ndara za kuvaa siku moja na kutupa. Kila pipa la taka limevishwa mfuko wa plastiki. Jikoni kumepangwa vikombe na sahani za kutumia mara moja ili mgeni asisumbuke kuosha. Vyote vimewekwa kwa moyo wa ukarimu, kwa sababu katika mawazo ya wengi kitu kilichofungwa ndicho kisafi, na mgeni hapewi kilichokwisha kufunguliwa.

Ndiyo maana ushauri wa kawaida, ule wa kuweka mapipa ya rangi tatu na bango la kumwomba mgeni atenganishe taka, unafika kwa kuchelewa. Mgeni hajafungua hata begi lake, na tayari plastiki nyingi atakayoiacha imo ndani ya nyumba. Ilinunuliwa na mwenye nyumba, kwa pesa yake.

Hesabu ya maji peke yake inatosha kuonyesha ukubwa wa jambo. Nyumba inayolaza watu 2 kwa usiku 12 kila mwezi, na kumpa kila mmoja chupa 2 kwa usiku, itaacha chupa 48 kwa mwezi, yaani 576 kwa mwaka. Nyumba 10 za namna hiyo kwenye kilima kimoja zinakaribia chupa 6,000.

Zinakwenda wapi? Mjini kuna lori la kaunti. Shambani, mara nyingi kuna shimo nyuma ya nyumba, na kiberiti. Moto wa shimoni haufikii joto la tanuri la kuteketezea taka. Unatoa moshi wenye masizi na kemikali za sumu, zikiwemo dayoksini pale palipo na plastiki ya aina ya PVC, na majivu yake hubaki kwenye udongo uleule unaolisha sukuma wiki. Kisichoungua husubiri mvua, na mvua huku haikawii: sehemu za Kericho zenye mvua nyingi hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka.

Maji ya mvua hiyo yana safari ndefu. Upande wa Kericho, mito ya Chemosit, Itare na Kiptiget inayotoka msitu wa Mau inaingia katika mto Sondu, ambao unazungusha mitambo ya umeme ya Sondu-Miriu na kumwaga maji yake katika Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria. Upande wa Bomet, mto Nyangores unapita Tenwek na mji wa Bomet, unakutana na Amala, na kutoka hapo unaitwa Mara. Huo ndio mto ambao nyumbu huuvuka mbele ya kamera za dunia nzima. Hupita Maasai Mara na Serengeti, kisha huingia Ziwa Victoria upande wa Tanzania, karibu na Musoma. Kwa hiyo kichupa cha shampuu kilichotupwa karibu na mtaro huko Silibwet, Bomet, si taka ya Silibwet pekee. Mwaka 2021 jahazi la Flipflopi, lililoundwa Lamu kwa plastiki na ndara zilizookotwa, lilizunguka katika Ziwa Victoria likiwafikia watu wa Kenya, Uganda na Tanzania kwa sababu hiyohiyo: ziwa hilo linapokea kila kinachoteremshwa na mito kutoka vilimani.

Wapo watakaosema chupa zote zikusanywe, zitengenezwe upya. Ni kweli kwamba chupa safi ya maji ina soko, na tangu mwaka 2018 kampuni za vinywaji nchini zimekuwa na shirika lao la PETCO la kusaidia ukusanyaji. Ila viwanda vingi vya kuchakata viko Nairobi na vitongoji vyake, zaidi ya kilomita 200 kutoka Bomet, na lori lililojaa chupa tupu limebeba hewa zaidi ya plastiki. Vifuko vya kahawa na vya shampuu havina hata soko hilo, kwa sababu plastiki na karatasi ya alumini zimegandamizwa pamoja na kuzitenganisha ni kazi ngumu. Kwa dunia nzima, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, ambalo makao yake yako Nairobi, linasema chini ya asilimia 10 ya plastiki yote iliyowahi kutengenezwa ndiyo iliyochakatwa tena.

Wakenya wana ushahidi wao wenyewe kwamba kuzuia kitu kisiingie kunafaulu kuliko kukikimbiza kikishatapakaa. Tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku, kwa adhabu ya faini ya shilingi milioni 2 hadi milioni 4 au kifungo. Wengi waliapa kwamba biashara ingekufa, na soko la Kericho halikufa. Ikumbukwe tu kwamba mifuko mingi myepesi iliyokuja baadaye, ile inayofanana na kitambaa, ni plastiki ya polipropilini, na isipotumiwa mara nyingi tumebadilisha sura ya tatizo tu. Kiondo au kikapu kilichotundikwa nyuma ya mlango wa jikoni, kwa ajili ya mgeni anayetoka kwenda sokoni, kina faida kuliko maelezo marefu ukutani.

Sheria imezidi kusogea. Kuanzia tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumia mara moja, zikiwemo chupa za maji, vikombe, sahani na mirija, haziruhusiwi katika mbuga, hifadhi, fukwe na misitu inayolindwa. Mwenye nyumba wa Bomet anapaswa kulifikiria hili zaidi ya mwingine yeyote, maana wageni wake wengi wako njiani kwenda Mara. Anampa mgeni chupa asubuhi, na saa chache baadaye sheria inamkataza mgeni huyo kuingia nayo langoni. Kisha ikaja Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, inayotaka taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza. Kanuni za mwaka 2024 nazo zimewabebesha wazalishaji wajibu wa vifungashio wanavyoingiza sokoni.

Basi aanzie wapi mtu mwenye nyumba moja, vyumba viwili na mfanyakazi mmoja wa usafi? Aanze na maji, kwa kuwa ndiyo rundo kubwa.

Mtungi wa lita 20 unaorudishwa dukani kujazwa unachukua nafasi ya chupa 40 za nusu lita. Ukiwekwa kwenye meza ya jikoni pamoja na bilauri na jagi la kioo, mgeni hujihudumia. Asiyetaka kununua maji anaweza kuchuja na kuchemsha ya bomba au ya tangi la mvua, lakini hapa kuna jambo la nyanda za juu ambalo watu wengi hawalifahamu. Sehemu kubwa ya nyanda za chai iko karibu na mita 2,000 juu ya usawa wa bahari au zaidi, na katika kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzijoto 93 hivi, si 100. Kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kinashauri kwamba juu ya futi 6,500, yaani karibu kimo hichohicho, maji yaachwe yatokote kwa dakika 3 kamili, badala ya dakika 1 inayotosha Mombasa. Wasiwasi wa mgeni kuhusu chupa isiyo na muhuri ni wa haki, na dawa yake ni kumweleza: kadi ndogo kando ya jagi iseme maji yametoka wapi, yamechujwa kwa kitu gani, yamechemshwa lini. Ujumbe wa kumkaribisha, anaotumiwa kabla ya safari, umwambie aje na chupa yake.

Baada ya maji, chai. Inasikitisha kumpa mgeni wa Kericho kifuko kidogo chenye uzi, ilhali majani yamesimama mita chache kutoka dirishani. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walitumbukiza vifuko vya chai vilivyotengenezwa kwa plastiki katika maji ya moto, wakakuta kifuko kimoja kinatoa chembe ndogo mno za plastiki zipatazo bilioni 11.6 ndani ya kikombe. Hata vifuko vinavyoonekana kuwa vya karatasi, vingi vimebanwa kwa plastiki kidogo ili visiachie katika joto. Ketepa, kampuni inayofunga chai ya Kenya, ina kiwanda chake Kericho penyewe, na majani yaliyolegea yanauzwa katika kila duka la mtaani. Kopo la bati lenye majani, kopo la sukari, kichujio, sufuria na chupa ya chai iliyojaa mgeni anapowasili: huo ni ukarimu wa mahali hapa hasa. Hakuna hoteli ya Dubai inayoweza kuuiga.

Maziwa nayo hayahitaji paketi. Huku ni nchi ya ng'ombe kama ilivyo ya chai, na jirani anayekamua asubuhi anaweza kuleta lita moja katika chombo cha chuma, ichemshwe vizuri kabla ya kunywewa. Penye mashine za kuuzia maziwa, zile Wakenya wanazoziita ATM za maziwa, mtu huenda na chombo chake. Wakipsigis walikwisha kulipatia jambo hili jibu zamani: mursik, maziwa yao ya mgando, hutunzwa katika sotet, kibuyu kinachosafishwa kwa mkaa wa mti wa senetwet na kutumika kwa miaka. Mgeni akikaribishwa mursik kutoka kibuyuni huondoka na hadithi ya kusimulia, na pipa la taka haliongezwi kitu.

Bafuni kazi ni nyepesi. Chupa kubwa ya sabuni ya maji na nyingine ya shampuu, zikiwa zimefungwa ukutani kwa kishikio chenye kufuli ili mtu asichezee kilichomo, hujazwa kutoka galoni na kusafishwa kila mgeni akiondoka. Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2019 ya kuviondoa vichupa hivyo mahotelini, ikaanza na hoteli kubwa mwaka 2023. Makampuni makubwa ya hoteli duniani yalianza kuviacha yenyewe. Miswaki na ndara ziwekwe kabatini, apewe aliyesahau zake. Kwa mapipa, pipa la jikoni la maganda na mabaki halihitaji mfuko. Lioshwe, na kilichomo kipelekwe kwenye shimo la mboji, kwa faida ya migomba. Mapipa ya vyumbani hupokea karatasi kavu tu, kwa hiyo gazeti lililokunjwa chini linatosha.

Usisahau mfanyakazi wa usafi. Yeye ndiye atakayejaza, kusugua na kubeba, na mabadiliko haya yote yanaongeza kazi yake kwa nusu saa au zaidi kila mgeni anapohama. Mwenye nyumba anayepunguza gharama za chupa na vifuko bila kumwongezea malipo anayemfanyia kazi hiyo anahamisha mzigo wake tu, na mpango hautadumu mwezi. Kwa kawaida fedha ipo, kwa kuwa pesa iliyokuwa ikinunua chupa 576 imebaki mfukoni.

Sehemu ngumu kuliko zote ni sherehe. Familia mbili zinapokutana kwa koito, posa ya Kikalenjin, nyumba iliyokodishwa kwa watu wanne inaweza kujikuta na jamaa hamsini uani, na hapo ndipo masanduku ya soda, sahani za povu na vikombe vya kutupa vinapoingia kwa gari zima. Kumkataza mteja si biashara. Ila karibu kila lokesheni ina chama cha akina mama kinachokodisha mahema, viti, sufuria kubwa, sahani za melamini na vikombe vya bati, na kinaleta watu wa kuosha. Soda za chupa za kioo bado zinapatikana kwa kreti, chupa zikirudishwa. Mwenye nyumba anayeuliza mapema kama kuna sherehe, akatuma namba ya chama hicho pamoja na bei zake siku ileile nafasi inapowekwa, huwakuta wateja wengi tayari kukubali, kwa kuwa bado hawajanunua chochote.